Mackay, fundi wa Natete aliyezitibu bunduki za Kabaka

Mfanyabiashara anayepakia mzigo Mwanza kwenda Kampala kwa njia ya maji huushusha Port Bell, Luzira. Mabehewa hutoka tumboni mwa meli yakiwa juu ya reli zake, na kama karatasi ziko sawa mzigo haukawii kufika mjini. Alexander Mackay alivuka ziwa hilohilo mwaka 1878, kutoka kusini kwenda kaskazini, wakati bandari haijakuwapo. Alipofika Buganda mwezi Novemba, ilikuwa imepita miaka miwili na nusu tangu ashuke Zanzibar. Alikuja na Injili na zana za chuma. Wenyeji wake walizitamani zana kwanza.

Alizaliwa tarehe 13 Oktoba 1849 katika kijiji cha Rhynie, Uskoti, mtoto wa mchungaji. Baba alitaka mwanawe afuate nyayo zake, lakini kijana alipenda zaidi kusimama kwenye kibanda cha mhunzi na kutazama chuma kikigeuka. Alisomea ualimu Edinburgh, kisha uhandisi, huku akifanya kazi kwenye karakana za Leith. Mwaka 1873 alikwenda Ujerumani na kuajiriwa Berlin kuchora mitambo. Huko ndiko alikosikia kwamba Stanley ameandika gazetini, Novemba 1875, kuwa Kabaka Mutesa wa Buganda anahitaji walimu. Chama cha misheni cha Kianglikana, CMS, kilimkubali, na mwishoni mwa Mei 1876 akawa Zanzibar.

Safari ya bara ilimkataa mara ya kwanza. Aliugua, akarudishwa pwani, na badala ya kulala akaanza kufyeka barabara ya magari ya ng'ombe kutoka Saadani hadi Mpwapwa, maili 230 hivi. Barabara ilipatikana, ng'ombe wakafa kwa mbung'o. Mwezi Desemba 1877 wenzake wawili, Luteni Smith na O'Neill, waliuawa Ukerewe. Mackay alifika Kagei, upande wa Mwanza, mwaka uliofuata, akakuta mashua ya misheni imeoza na kutoboka. Akaitengeneza. Wakiwa njiani dhoruba ikaitupa pwani ya magharibi ya ziwa, naye akakaa huko wiki kadhaa na mwenzake Wilson, wakiikata sehemu moja ili wazibe nyingine. Wavushao mizigo kwa mitumbwi wanaijua hesabu hiyo: ni afadhali chombo kifupi kinachoelea kuliko kirefu kinachozama.

Barazani kwa Mutesa, Mackay hakuhitaji mkalimani. Kiswahili alikuwa amejifunza pwani, na Kabaka naye alikijua kupitia kwa wafanyabiashara Waarabu na Waswahili waliokuwa wakifika Buganda tangu 1844. Kwa hiyo maneno ya dini, bei za vitambaa na maswali kuhusu bunduki yote yalipita kwa lugha moja, lugha ileile inayotumika leo Mutukula na Busia.

Na bunduki zilikuwa swali kubwa. Speke alipopita 1862 alimpa Mutesa silaha, na Kabaka tangu hapo hakuacha kuzitafuta. Wamishonari wa kwanza walipofika 1877 waliulizwa mapema kama wanajua kutengeneza bunduki na baruti. Hawakuwa wamekuja kwa kazi hiyo, na jibu lao halikumfurahisha mtu. Mackay alipopewa mahali Natete, akajenga tanuri na kufunga mashine yake ya kukereza chuma, watu wa ikulu hawakuona kanisa. Waliona karakana. Majembe, mapanga na vyombo vya aina zote vililetwa pale, na bunduki za Kabaka vilevile.

Bunduki za Buganda ziliumwa kwa sababu ambazo muuza vipuri yeyote angezitambua. Nyingi zilikuwa gobori, zinazojazwa kwa mbele: baruti, risasi, kisha kushindiliwa kwa mdeki, na fataki huwekwa juu ya kichuchu chini ya nyundo. Hizo huharibika kwa njia rahisi. Springi ya mtambo hukatika, kichuchu huziba, kitako hupasuka. Kadiri miaka ilivyosonga zikaanza kuingia bunduki za kufunguliwa nyuma, kama Snider, zinazotumia risasi yenye ganda la shaba. Hapo ugonjwa mpya ukaingia pamoja nazo: ganda kukataa kutoka.

Katika Snider, mpigaji akishafyatua huvuta nyundo nyuma, hufungua mlango wa chuma pembeni, kisha huuvuta mlango huo kwa nyuma. Ukucha mdogo uliofungwa pale hushika ukingo wa ganda na kulitoa kwenye chemba. Ganda halirushwi. Mpigaji huigeuza bunduki chini juu lianguke lenyewe. Kila hatua ina mahali pa kukwama. Masizi ya baruti nyeusi hushikana na unyevu wa ziwani na kuifanya chemba iwe na ngozi ngumu, ganda likatanuka na kubana humo. Ukucha ukilika huteleza juu ya ukingo. Ganda lililotumika na kujazwa tena huwa limebonyea au limevimba. Asiye na fundi hutafuta mdeki, huupitisha kwa mbele ya mtutu na kuligonga ganda litoke, huku adui akimsubiri au asimsubiri.

Ugonjwa huo haukuwa wa Buganda peke yake. Jeshi la Uingereza lenyewe liliuona Sudan mwaka 1885, ambako Martini-Henry zilikwama vitani Abu Klea kwa mchanga, joto na maganda ya shaba nyembamba. Na haujaisha. Shotigani kuukuu za kusukuma kwa mkono, ambazo walinzi wa maduka hubeba Kampala, zinatibiwa kwa maswali yaleyale: chemba ni safi, ukucha una makali, springi yake ina nguvu, ganda halijavimba, na kisukumio kimevutwa hadi mwisho au kimeachwa njiani? Fundi mwenye akili huanza na uchafu kabla ya kushika tupa, kwa kuwa chuma kilichopunguzwa hakirudi.

Tofauti ni kwamba Natete hapakuwa na duka la vipuri. Springi mpya ingeagizwa kutoka Zanzibar, ibebwe kichwani na mpagazi kwa miezi, ipite kwa machifu wanaodai hongo, ivushwe ziwa. Ilikuwa rahisi zaidi kuifua. Ndiyo maana mikono ya Mackay ilikuwa na thamani ya msafara mzima, na ikulu ilijua hivyo. Hata maadui wake waliona vigumu kumfukuza mtu pekee aliyeweza kuirudishia uhai bunduki iliyokufa.

Hapa ndipo penye ugumu wa maisha yake, na wanaomsimulia kama mtakatifu hupenda kupita haraka. Bunduki za Buganda hazikuwa mapambo. Majeshi yalitoka nazo kwenda kuvamia majirani na kurudi na mateka, na mateka waliuzwa kwa watu wa pwani ili zipatikane bunduki zaidi. Bei zilizowekwa mbele ya Mutesa na mfanyabiashara mmoja zilikuwa hivi: kitambaa chekundu kimoja kwa mtumwa mmoja, bunduki moja kwa wawili, fataki 100 kwa mwanamke mmoja. Fataki 100 hujaa kiganjani. Mackay alisimama barazani kuipinga biashara hiyo, akajitengenezea uadui na wafanyabiashara wa Kiarabu ambao haukuisha hadi anaondoka. Lakini tanuri lake halikuzimwa. Lilimpa chakula, nafasi ya kusikilizwa na ulinzi kwa vijana waliokuja kusoma. Bunduki aliyoirudisha ikiwa nzima ilirudi kwa mwenyewe, na matumizi yake hakuyapanga yeye.

Kazi nyingine zilimletea sifa nyepesi zaidi. Alichimba kisima Natete na kufunga bomba, watu wakashangaa maji kupanda juu. Alichonga herufi kwa mkono na kupiga chapa kurasa za Luganda. Mama yake Kabaka alipofariki mwaka 1882, Mackay ndiye aliyetengeneza jeneza lake, kubwa kupita kiasi, na mwezi Oktoba 1884 akaitwa tena kwa Mutesa mwenyewe.

Mwanga, aliyerithi kiti akiwa kijana, alitaka mafundi bila mafundisho. Januari 1885 vijana watatu wa misheni waliuawa karibu na Natete. Mwezi Oktoba mwaka huo Askofu Hannington aliuawa Busoga. Baada ya ikulu kuungua mapema 1886, Mwanga alihamia Munyonyo, ng'ambo ya ghuba inayotazamana na Luzira, na huko Mei hukumu zikatolewa. Waliopelekwa Namugongo na kuchomwa moto tarehe 3 Juni ni pamoja na Nuwa Walukaga, mhunzi wa Kabaka. Alikuwa mtu wa chuma kama Mackay, na mwamini aliyesoma misheni. Ustadi haukumwokoa. Mackay ulimwokoa, au labda kilichomwokoa ni ugeni wake, na bunduki zilizokuwa zingali zikisubiri.

Alivumilia mwaka mmoja zaidi akiwa peke yake. Julai 1887 Mwanga alimruhusu kuondoka kwa sharti kwamba mmishonari mwingine aje mahali pake, naye akavuka ziwa kurudi kusini, hadi Usambiro. Akaanza upya: tanuri, mashine ya chapa, mbao za mashua mpya. Huku nyuma, Septemba 1888, vikosi vya vijana ambao Mwanga alikuwa amewapa bunduki vilimpindua. Kabaka aliyemfukuza fundi akawa mkimbizi kusini mwa ziwa hilohilo, akamwandikia Mackay barua ya kuomba msaada. Aliyemrudisha kwa mashua na silaha alikuwa Charles Stokes, aliyewahi kuwa wa CMS kabla ya kugeukia biashara ya pembe na bunduki. Biashara hiyo ilimfikisha Stokes kwenye kitanzi Kongo, Januari 1895. Siku hizi avushaye bunduki mpakani bila kibali huweza kuiona Luzira upande wa pili, ndani ya ukuta wa gereza.

Stanley alipita Usambiro mwishoni mwa Agosti 1889, akitoka kumchukua Emin Pasha, akamkuta Mackay katikati ya mbao na vyuma. Msafara wake ulibeba bunduki moja ya Maxim, iliyotumia nguvu ya mshindo wenyewe kutoa ganda na kuingiza risasi nyingine. Stanley alimsihi mwenyeji wake aende naye pwani kupumzika. Mackay alibaki. Februari 1890 malaria ilimuua akiwa na miaka 40.

Miezi kumi baadaye, Desemba 1890, Kapteni Lugard aliingia Kampala akiwa na Maxim ileile ya Stanley, sasa imechakaa. Bunduki zilizomzunguka zilikuwa za kila aina na kila umri. Aliyekuwa akizitengeneza ni Mganda aitwaye Kisule, ambaye Lugard alimsifu kwa kuweza kufua springi mpya na kurekebisha bunduki yoyote, na akaandika kwamba ufundi huo aliupata kwa Mackay. Januari 1892 Waganda wa madhehebu mawili ya Kikristo walipigana kwa bunduki hizo kwenye mteremko wa Mengo.

Mifupa ya Mackay ilikaa Usambiro hadi 1927, ilipochukuliwa na kuzikwa upya Namirembe.