Emile Vandervelde, mbunge Mbelgiji aliyetetea raia wa Congo bungeni na mahakamani

Mwezi wa tisa mwaka 1909, mahakama ya Léopoldville, mji tunaouita leo Kinshasa, ilisikiliza wakili ambaye kwao Ubelgiji alikuwa mbunge. Jina lake Emile Vandervelde. Alikuja kumtetea William Sheppard, mmisionari Mmarekani mweusi wa kanisa la Presbiteri huko Luebo, katika Kasai. Sheppard alishitakiwa na Kampuni ya Kasai kwa sababu aliandika kwamba Wakuba wanateswa ili watoe mpira wa msituni, ule utomvu uliotengenezewa magurudumu Ulaya.

Vandervelde alizaliwa mwaka 1866 huko Ixelles, kando ya Brussels. Alisomea sheria, kisha akajiunga na chama cha wafanyakazi kilichoanzishwa mwaka 1885. Mwaka 1894 alichaguliwa mbunge wa Charleroi, eneo la migodi ya makaa ya mawe. Wakati ule mwanaume wa kawaida alikuwa na kura moja, lakini mwenye mali au mwenye diplome aliweza kupiga kura mbili hata tatu. Wanawake hawakuwa na kura. Vandervelde na wenzake walipigania miaka mingi kura moja kwa kila mwanaume, na mwaka 1919 ikapatikana.

Jambo lingine lililomsumbua ni Congo. Tangu mwaka 1885 nchi hii ilikuwa mikononi mwa mfalme Leopold wa Pili peke yake. Mwaka 1890 Ubelgiji iliikopesha Dola Huru la Congo franga milioni 25 bila faida. Lakini wabunge walipouliza habari za mateso, mawaziri walijibu kwamba Congo ni nchi nyingine na bunge haliwezi kuiingilia. Vandervelde hakukubali jibu hilo. Aliona kwamba pesa ya raia wa Ubelgiji imeingia humo, na mfalme ni yule yule.

Mwishoni mwa mwaka 1905 tume ya uchunguzi iliyoundwa na Leopold mwenyewe ilitoa ripoti. Ilieleza kazi ya kulazimishwa, na wanawake waliofungwa kama rehani mpaka waume zao walete mpira. Mwaka 1906 Vandervelde aliipeleka habari hiyo bungeni na kuidai serikali majibu.

Hata ndani ya chama chake kulikuwa na mabishano. Wengi walikataa Ubelgiji ichukue Congo, wakisema koloni ni biashara ya matajiri. Yeye aliona afadhali ichukuliwe, ili awepo mtu wa kujibu mbele ya bunge. Mwaka 1908 alisafiri mwenyewe kuiona Congo, kisha akaandika kitabu. Tarehe 15 mwezi wa kumi na moja mwaka huo, Congo ikawa koloni la Ubelgiji.

Mwaka uliofuata ikaja kesi ya Sheppard. Kampuni iliyomshitaki haikuwa ya watu binafsi tu: nusu ya hisa zake zilikuwa za serikali. Vandervelde hakudai malipo ya uwakili. Tarehe 4 mwezi wa kumi, hakimu alimwachilia Sheppard na kuiamuru kampuni ilipe gharama za kesi.

Baada ya vita ya kwanza ya dunia alikuwa waziri wa sheria, toka 1918 hadi 1921. Alipitisha sheria ya kukataza pombe kali katika mabaa, na akaondoa kifungu kilichowabana wafanyakazi waliogoma. Toka 1925 hadi 1927 aliongoza mambo ya nje. Alifariki mwezi wa kumi na mbili mwaka 1938.

Vandervelde hakupinga ukoloni wenyewe. Aliamini kwamba bunge likisimamia koloni, mateso yatakwisha. Hapo matumaini yake hayakutimia. Kuanzia mwaka 1917 wakulima wa Congo walilazimishwa kulima mazao kama pamba, na fimbo iliendelea kutumika hata baada ya kifo chake. Katika bunge lile raia wa Congo hawakuwa na mjumbe wao hata mmoja.

Lakini Wakuba, ambao hawakumpigia kura na hawangeweza kumpigia, walipata siku moja mahakamani ambapo maneno juu ya mateso yao hayakuhesabiwa kuwa kosa.