Mzee wa Hatari!

Ijumaa iliyopita hosteli kwetu, huku Usa River, tuliangalia Hatari!, ile filamu ya John Wayne iliyorekodiwa Momella. Tuna mchezo wetu: ukiona kosa la mwendelezo, labda kofia imehama au kivuli kimegeuka upande, unapiga meza. Siku hiyo meza ilikoma. Vyumba vya ndani vilijengwa studio Hollywood, nje ni Momella yenyewe, na mwanga wa huku na kule hauelewani kabisa. Nikataka kumjua mwongozaji aliyeacha yote hayo yapite.

Howard Hawks alizaliwa 1896 huko Goshen, Indiana, akakulia California. Alisomea uhandisi wa mitambo Cornell (wana wa injinia, mtu wenu huyo), akaingia kikosi cha anga cha jeshi wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia, akaendesha na magari ya mashindano. Mwaka 1930 mdogo wake Kenneth, naye mwongozaji, alikufa baada ya ndege mbili kugongana angani wakirekodi filamu. Mwaka huohuo Howard akatoa The Dawn Patrol, filamu ya marubani. Hapo mimi huwa nashindwa kumwelewa. Baadaye zikaja Scarface, Red River, Rio Bravo na nyingine nyingi.

Alipofika Tanganyika mwishoni mwa 1960 alikuwa na miaka 64, na hadithi haijakamilika mkononi. Alitaka kwanza mbio za kukamata wanyama, hadithi ishonwe baadaye kuzizunguka. Kazi hiyo ya kushona ilimwangukia mwandishi Leigh Brackett. Waigizaji walikimbiza wanyama wenyewe. Wayne alikaa kwenye kiti kilichofungwa mbele ya gari, kamba mkononi, faru pembeni. Sasa faru utamwambia arudie kwa sababu kofia ya mtu imehama? Ndiyo maana makosa yamejaa, na ndiyo maana zile mbio bado zinatutoa jasho.

Lakini kuna meza moja iliyopigwa ikatunyamazisha. Ilikuwa picha nzuri tu, uwanda mtupu na Mlima Meru nyuma. Aliyepiga ni mwenzetu wa Ngarenanyuki. Tukamuuliza kosa liko wapi, akauliza watu wako wapi. Ngarenanyuki ni jirani wa Momella. Mwaka 1951 serikali ya Waingereza iliwahamisha Wameru kwa nguvu kutoka pale ili ardhi wapewe walowezi, na 1952 Kirilo Japhet akaenda Umoja wa Mataifa, New York, kudai haki yao. Hawks alikuja na kamera zake miaka michache tu baadaye. Filamu ilipotoka, 1962, Tanganyika ilishapata uhuru, ila ndani ya filamu hakuna dalili kwamba mtu yeyote aliwahi kugombania nchi hii.

Hawks aliteuliwa mara moja tu kugombea Oscar ya uongozaji, kwa Sergeant York. Mwaka 1975 wakampa ya heshima. Alifariki Palm Springs tarehe 26 Desemba 1977.

Kwenye daftari letu la makosa, ule uwanda haujaandikwa bado. Wengine wanasema si kosa la mwendelezo. Mwenzetu anasema ndilo kubwa kuliko yote, na Ijumaa hii anataka turudie.