Munganga Charcot na Mtumishi Aliyevunja Masahani

Ndugu zetu wa mugodi na jamaa zenu, leo tunawaletea maisha ya munganga mmoja Mfaransa. Mukisikia waganga wa mishipa ya fahamu wanataja Charcot, ni yeye.

Jean-Martin Charcot alizaliwa Paris tarehe 29 Novemba 1825. Baba yake alikuwa fundi wa magari ya farasi. Kijana akasoma uganga, na mwaka 1862 akawa munganga mkuu katika lopitali ya Salpêtrière. Nyinyi wenye kulipua miamba, sikieni hii: kitambo pale palikuwa mahali pa baruti, na jina lenyewe limetoka kwa chumvi ya kutengenezea baruti. Wakati wa Charcot humo mlijaa wanawake kwa maelfu: wazee, maskini, wenye kifafa, wenye kupooza. Wengi waliingia na hawakutoka tena. Yeye na mwenzake Vulpian wakaanza kupita kitanda kwa kitanda, wakiangalia namna kila mmoja anavyotembea, anavyosema, anavyotetemeka.

Mbele ya hapo, mtu wa kutetemeka alikuwa mtu wa kutetemeka tu. Charcot akatenganisha. Kuna mkono wenye kutetemeka ukiwa umepumzika juu ya goti: ule ni ugonjwa wa Parkinson. Kuna mwingine unatulia, lakini ukitaka kushika kikombe ndipo unaanza kuruka-ruka. Huyu wa pili, mara mingi macho yake pia yanacheza, na maneno yanatoka kipande kwa kipande. Akifa, Charcot alikuwa anafungua ubongo na uti wa mgongo, anakuta humo mabaka magumu. Mwaka 1868 akaueleza ugonjwa huo wazi: sklerozi ya mabaka.

Freud, aliyetoka Vienna kuja kusoma kwake, aliandika habari ya mtumishi mmoja wa nyumba. Mama huyu alitetemeka, na hakuna mtu alitaka kumpa kazi, ju ya mikono yake. Charcot akamchukua kwake. Masahani yakapasuka, vikombe vikapasuka, hasara ikawa kubwa, lakini hakumfukuza. Alipokufa, munganga akamfungua na kukuta mabaka yale yale. Tunasema wazi: roho nzuri na hamu ya kujua zilikuwa pamoja katika nyumba ile, na hatuwezi kuzipima. Lakini mama alikula mpaka mwisho. Sisi wa sendika tunajua wakubwa wenye kuona mkono unatetemeka, wanasema pombe, basi barua ya kufukuza inatoka. Na vumbi la manganezi nalo linatetemesha mtu!

Charcot alipata uhakika wake mtu akiisha kufa. Leo mashine ya IRM inaonyesha mabaka mtu akiwa hai, na waganga wanachota maji ya uti wa mgongo kwa sindano ndefu. Ugonjwa huu, mara mingi zaidi uko katika nchi za baridi kuliko kwetu. Watafiti wanatafuta njia nyepesi katika damu: metaboliti, ndiyo vitu vidogo mwili unavyobakiza ukiisha kutumia chakula. Kimoja wanachofuata kinaitwa kinurenini. Lakini mpaka sasa hakuna kipimo kimoja cha damu chenye kutosha peke yake kusema ndiyo, ni ugonjwa huu.

Mwaka 1882 walimpa kiti cha ualimu wa magonjwa ya mishipa ya fahamu. Hapo ndipo sisi tunamupendea zaidi. Walimletea wafanyakazi walioumia kazini, kama mwashi mmoja kijana aliyeanguka toka juu, mkono ukalala bila mfupa kuvunjika. Kwa waganga wengi, mtu wa namna hiyo ni muongo anayetafuta pesa. Charcot akasema hapana, mshituko wenyewe unaweza kulaza mkono, na mtu hadanganyi.

Alikosea pia. Wanawake waliolazwa usingizi wa hipnozi mbele ya watu wengi, mara mingi walikuwa wanaonyesha kile munganga alitaka kuona, na alipokufa wanafunzi wake wenyewe wakaacha sehemu kubwa ya mafundisho yale.

Alikufa tarehe 16 Agosti 1893, akiwa safarini karibu na ziwa la Settons. Walimrudisha Paris, wakamzika Montmartre.