Padri Miguel Hidalgo na Ghala la Guanajuato
Padri Miguel Hidalgo, paroko wa Dolores nchini Meksiko, aliwaita waamini wake tarehe 16 Septemba 1810 wauondoe utawala wa Kihispania. Huko Atotonilco alitwaa picha ya Bikira Maria wa Guadalupe iwe bendera yao. Siku 12 baadaye wakauteka mji wa Guanajuato. Wahispania walikuwa wamejifungia katika ghala la nafaka pamoja na jamaa zao. Mlango ulipochomwa moto, wengi waliuawa, wakiwamo waliokwisha kusalimu amri. Mchungaji hakuweza kulizuia kundi lake. Mwezi Oktoba alishinda tena Monte de las Cruces, lakini hakuuingia mji mkuu. Yamkini aliogopa kuyaona tena ya Guanajuato. Alivuliwa upadre, akapigwa risasi Chihuahua tarehe 30 Julai 1811. Kichwa chake kilitundikwa miaka 10 kwenye ghala lile lile.