Seyyid Said na Hamamu ya Kidichi

Wenye nafasi hapa Lilongwe wanayo desturi ya kwenda kupumzika kando ya ziwa, Salima au Nkhotakota. Mara nyingi ni mume na mke, mmoja wao ametimiza mwaka mwingine wa umri wake, nao hutoka na motokaa Ijumaa jioni, wakaogelea, wakala samaki, wakarudi Jumapili ili Jumatatu bwana awe ofisini kwake Capital Hill. Jambo hili si baya, na wala si geni. Zaidi ya miaka 170 iliyopita mtawala mmoja mkubwa wa Afrika ya Mashariki alimjengea mkewe mahali pa starehe shambani, na nyumba hiyo ingali imesimama hata leo. Mtawala huyo ni Seyyid Said bin Sultan wa Unguja, nami nimeona vyema kuwaletea habari za maisha yake.

Huenda mwingine akauliza, Unguja na sisi tuna nini? Jibu langu ni hili. Wengi wetu tunaosoma sehemu hii ya Kiswahili tumetoka Kongo na Burundi, tukapokewa Dzaleka. Lugha hii tunayoiandika ilifika kwa babu zetu kwa njia za misafara ya biashara iliyotoka pwani, na misafara hiyo ilipata nguvu katika siku za Seyyid Said. Wenzetu Wamalawi nao watajionea wenyewe nitakapofika mbele kwamba ziwa lao limo ndani ya habari hizi.

Seyyid Said alizaliwa Oman katika mwaka wa 1791. Baba yake, Sultan bin Ahmed, alikuwa mtawala wa Maskati. Katika mwaka wa 1804 baba huyo aliuawa baharini katika mapigano, na Said akabaki yatima mwenye umri wa miaka 13. Urithi uliwaangukia yeye na ndugu yake Salim, lakini watoto hawakuweza kushika nchi iliyojaa maadui, na madaraka yakawa mikononi mwa binamu yao, Badr bin Seif. Aliyewatunza vijana hao alikuwa shangazi yao, Bibi Moza binti Ahmed, mwanamke shujaa na mwenye akili. Inasimuliwa katika ukoo huo kwamba mji ulipozingirwa, bibi wa ukoo alivaa nguo za kiume usiku, akapanda farasi na kuzunguka kuwatazama walinzi, asije mmoja wao akasinzia au akanunuliwa kwa fedha za adui.

Said alikua upesi. Katika mwaka wa 1806, alipokuwa na miaka 15 tu, alimchoma Badr kwa jambia, na Badr akafa. Tangu siku hiyo alitawala yeye, na utawala wake ulidumu miaka 50. Sisi vijana wa umri ule tungali tukihangaika na mitihani ya kidato cha pili. Simwonei wivu, kwa kuwa mtoto aliyeanza utawala kwa damu ya jamaa yake hakupata ujana.

Watangulizi wake waliitazama pwani ya Afrika kama shamba la mbali la kuletea kodi, lakini Said aliiona kuwa nchi ya kukaa. Katika mwaka wa 1828 alifika Mombasa na Unguja na majeshi yake. Mombasa ilikuwa chini ya Wamazrui, nao walimpinga kwa miaka mingi hata akawashinda katika mwaka wa 1837. Unguja ilimpendeza kwa maji yake mazuri, bandari yake tulivu na udongo wake mwema. Basi kidogo kidogo akahamishia huko makao yake, na ilipofika mwaka wa 1840 Unguja ndiyo iliyokuwa makao makuu yake badala ya Maskati. Wasomaji wa Malawi wataelewa uzito wa jambo hilo, kwa maana hapa nasi makao makuu yalihamishwa kutoka Zomba kuja Lilongwe katika mwaka wa 1975. Serikali ikihama, barabara, biashara na watu huifuata.

Seyyid Said alikuwa mfanyabiashara kuliko alivyokuwa askari. Aliamuru mikarafuu ipandwe Unguja na Pemba, naye mwenyewe akawa na mashamba mengi. Kabla hajafa, visiwa hivyo viwili vilitoa karafuu kuliko nchi nyingine yoyote duniani. Alifanya mkataba wa biashara na Marekani katika mwaka wa 1833, na Uingereza katika mwaka wa 1839, na Ufaransa katika mwaka wa 1844. Ushuru wa forodhani aliukodisha kwa tajiri wa Kihindi, Jairam Shivji. Katika mwaka wa 1840 merikebu yake iitwayo Sultana, chini ya Ahmad bin Naaman, ilitia nanga New York ikiwa na pembe za ndovu, karafuu, ngozi na tende, pamoja na zawadi kwa Rais wa Marekani. Watu wa New York walijaa bandarini kuwatazama wageni hao.

Sasa nizungumze juu ya starehe zake. Kaskazini ya mji, ufukoni, Seyyid Said alijenga jumba la Mtoni. Tunazijua habari za jumba hilo kutoka kwa binti yake Salme, aliyezaliwa humo mwaka wa 1844. Baadaye Salme alikwenda Ulaya, akaolewa na Mjerumani, na katika mwaka wa 1886 akatoa kitabu cha kumbukumbu zake. Ameeleza kwamba kijito kilipita uani, na kando yake kulikuwa na vyumba vingi vya kuogea. Katika ua huo huo walitembea tausi, paa, heroe na mbuni, bila kufungwa, na watoto wakicheza kati yao. Upande wa bahari palikuwa na baraza ya juu ya mviringo, na hapo mzee alipenda kutembea akiwaza huku ameinamisha kichwa, kisha akanywa kahawa na jamaa zake. Watu kama elfu moja walikaa katika jumba hilo. Nchi nyingine siku hizi watu hulipa kiingilio ili kuona bustani za namna hiyo, kukiwa na wanyama, maji na michezo. Mtoni ilikuwa ya ukoo mmoja.

Mke wake mkubwa alikuwa Bibi Azze binti Seif, wa ukoo wa kitawala wa Oman, mwanamke mfupi wa umbo lakini mkali wa amri, na hata Seyyid mwenyewe alimsikiliza. Baadaye akaoa binti wa Kiajemi, mjukuu wa Shah, aitwaye Shahrazad binti Irich Mirza. Bibi huyu alikuwa mzuri sana wa sura, mpenda mapambo, na hodari wa kupanda farasi na kuwinda. Katika nchi ya kwao kuoga hakukuwa kujitia maji tu. Mtu alikaa katika hamamu, akapata joto, akakandwa mwili, akapumzika, akazungumza. Unguja mambo hayo hayakuwako.

Kwa hiyo katika mwaka wa 1850 Seyyid Said, ambaye umri wake ulikuwa ukikaribia miaka 60, alimjengea hamamu huko Kidichi, katika mashamba ya mikarafuu yaliyo penye mwinuko ndani ya kisiwa. Mume na mke walipotoka mjini kwenda kuwinda au kukagua mashamba, walifika huko na vumbi la njiani, wakavua uchovu wao katika maji ya moto. Nyumba ni ya mawe na chokaa, na juu ina kuba nyeupe. Ndani mna chumba cha kubadilia nguo, birika la kuogea, mahali pa kukandiwa, na tanuri la kutia maji moto. Kuta zimenakshiwa kwa chokaa kwa namna ya Kiajemi, maua, mitende na ndege. Hili ni jambo la kuangaliwa, kwa sababu Seyyid Said alikuwa Ibadhi, na Maibadhi wa Oman hawakupenda mapambo katika majengo yao, sembuse sura za viumbe. Mzee huyo aliacha desturi ya baba zake ukutani ili mke aliye mbali na kwao aone kitu cha kwao. Mimi naona hapo palikuwa na mapenzi.

Lakini starehe haikuilinda ndoa ile. Bibi huyo hakuyazoea maisha ya Unguja, na mwishowe waliachana, naye akarudi Uajemi. Hamamu ilibaki bila mwenyewe.

Hapa ndipo inipasapo kuuliza swali ambalo vitabu vya sifa hulipita haraka: ni nani aliyejenga Kidichi, akateka maji, akakata kuni, akachuma karafuu zilizolipa gharama zote? Walikuwa watumwa. Na wengi wa watumwa hao walitoka wapi? Walitoka huku kwetu. Katika miaka ya 1840 mfanyabiashara wa pwani, Salim bin Abdallah, alifika Nkhotakota akajifanya mtawala, akaitwa Jumbe, naye alijihesabu kuwa chini ya Seyyid wa Unguja. Watu walikamatwa au kununuliwa katika nchi za upande huu, wakavushwa ziwa kwa majahazi, wakatembea kwa miguu majuma mengi hadi Kilwa, shingo zikiwa katika magogo. Aliyechoka aliachwa njiani. Waliofika Kilwa walipakiwa vyomboni kwenda soko la Unguja, na Seyyid Said akapata ushuru wake kwa kila kichwa. Ufuko ule ambao leo mume na mke huenda kufurahia siku ya kuzaliwa, ndio uliokuwa lango la kutokea lisilo na kurudi.

Hata ndani ya jumba la Mtoni mambo yalikuwa hayo. Wake wa ndoa hawakumzalia mtoto aliyeishi. Watoto wake wote 36 aliowaacha walikuwa wa masuria. Mama yake Salme alikuwa Msirkasi, aliyenyakuliwa angali mtoto mdogo wakati wazazi wake walipouawa, akauzwa. Salme alicheza na tausi katika bustani ile, huku mama yake akiwa ameingia humo kwa kununuliwa.

Haifai kusema kwamba Seyyid Said alikuwa mtu mwenye moyo wa jiwe. Bintiye amesimulia kwamba alikuwa mpole, mtu wa haki, asiyepuuza ibada, na kwamba hata mtumwa wa hali ya chini alipooa, yeye mwenyewe alipanda farasi kwenda shambani kuwatakia maharusi heri. Jambo hili limenifikirisha kuliko vita vyake vyote. Aliweza kufurahi na bwana arusi na bibi arusi katika siku yao, na asubuhi yake akapokea ushuru wa wengine waliotenganishwa na wake zao Nyasa. Waingereza walimbana kwa mikataba, wa mwaka wa 1822 na wa mwaka wa 1845, na kila mkataba ulimpunguzia mapato. Alitia sahihi ili apate urafiki wao, lakini ndani ya milki yake ya Afrika biashara ile haikukoma.

Katika mwaka wa 1854 alikwenda Oman kutengeneza mambo ya huko. Alipokuwa akirudi Unguja alishikwa na ugonjwa baharini, akafa tarehe 19 Oktoba, 1856, karibu na visiwa vya Shelisheli. Mwanawe Barghash, aliyekuwa naye chomboni, aliufikisha mwili Unguja na kuuzika usiku kwa siri. Milki ikagawanyika. Majid alichukua Unguja na Thuwaini akachukua Oman, na katika mwaka wa 1861 Waingereza wakaukata ugomvi wao kwa kuzitenga nchi hizo mbili. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa katika mwaka wa 1873, wakati wa Seyyid Barghash, na mahali pale pakajengwa kanisa. Utumwa wenyewe haukuondolewa kisheria Unguja mpaka mwaka wa 1897.

Leo Mtoni ni magofu. Hamamu ya Kidichi ingali imesimama katikati ya mashamba, na wageni hulipa kuingia kuitazama. Huonyeshwa nakshi na birika, wakaambiwa kwamba mume alijenga kwa kumpenda mkewe. Habari hiyo ni kweli, lakini ni nusu. Wahenga walisema, wapiganapo tembo nyasi huumia. Mimi nimeona kwamba hata tembo wakistarehe, nyasi huweza kukanyagwa.

Basi wenzangu, na ninyi wanafunzi wa zamani mlio na kazi na jamaa, siwaambii msiende Salima. Nendeni mkapumzike, kwa maana mwili una haki yake, na mke ana haki yake. Ila mkiwa mezani pale ufukoni, mtazameni pia anayewapikia, anayefua mashuka na anayelinda lango usiku. Ulizeni kama amelipwa vizuri, na kama naye hupata siku ya kukaa na watu wake. Seyyid Said aliweza mambo mengi makubwa, lakini swali hilo hakulijibu. Sisi tuna nafasi ya kulijibu.