Mshahara wa Mwalimu

Kwa wiki tatu tumekuwa kwenye kitabu cha Nehemia, na Jumapili iliyopita tulifika sura ya tano, pale liwali wa Yuda anapokaa miaka kumi na miwili bila kula chakula cha liwali, kwa sababu watu walikuwa wameshalemewa. Baada ya ibada kijana mmoja akaniuliza kama kuna mtu wa huku kwetu, si wa kwenye Biblia, aliyewahi kufanya kitu kama hicho. Nilimjibu kwa kifupi pale mlangoni. Hapa nijibu kwa urefu kidogo, maana naona swali lile ni la wengi.

Yuko. Anaitwa Julius Kambarage Nyerere, rais wa kwanza wa Tanzania. Alikuwa Mkatoliki, na tunajua tunapotofautiana na ndugu zetu hao, lakini leo hatuchambui mafundisho. Tunaangalia mfuko wa kiongozi.

Alizaliwa 1922 huko Butiama, karibu na ziwa Victoria, mtoto wa chifu Burito wa Wazanaki. Msifikirie kuwa mtoto wa chifu alilelewa kitajiri. Alichunga mbuzi, na shule alianza akiwa na miaka kama kumi na miwili, Musoma. Akaenda Tabora, Makerere, kisha Edinburgh, na 1952 akarudi na shahada. Siku hizo Mwafrika mwenye shahada ya Uingereza alikuwa wa kuhesabika kwa vidole. Akapata kazi ya kufundisha Pugu, nje kidogo ya Dar es Salaam, na ndiyo maana mpaka leo wanamwita Mwalimu.

Julai 1954 chama cha TANU kikaundwa, yeye akiwa kiongozi wake. Mapema mwaka uliofuata aliambiwa achague: ualimu ama siasa. Akaacha ualimu. Yaani mtu mwenye familia changa, mwenye shahada, aliacha mshahara wa uhakika akaenda kwenye chama ambacho hakikuwa na kitu. Mama Maria mkewe akawa na kiduka cha kuwasaidia kuishi. Mimi hapo huwa nasimama kidogo. Tunapenda kuhubiri juu ya mtu aliyeacha nyavu zake, lakini ni mara chache tunamuuliza mke wa mvuvi walikula nini wiki hiyo.

Uhuru ulikuja Desemba 1961 akiwa waziri mkuu. Haikupita hata miezi miwili akajiuzulu, akamwachia Rashidi Kawawa kiti, akazunguka nchi kukijenga chama. Mwaka mmoja baada ya uhuru akawa rais.

Lakini kisa ninachotaka mkijue ni cha tarehe 22 Oktoba 1966, siku ya Jumamosi.

Serikali ilikuwa imeamua kwamba wanaomaliza chuo kikuu waende jeshi la kujenga taifa kwa miaka miwili. Miezi mitano kambini, halafu miezi kumi na minane wakifanya kazi huku mshahara wao ukikatwa asilimia 60. Wanafunzi wakakataa. Waliandamana Dar es Salaam wakiwa wamevaa majoho yao mekundu ya chuo, mpaka Ikulu, na mabango yao mengine yalidai kwamba hata ukoloni ulikuwa afadhali. Walisoma barua yao mbele ya rais na mawaziri. Na ndani ya malalamiko yao kulikuwa na jambo moja zito: viongozi wanatuambia tujinyime, na wao wenyewe wanalipwa vizuri.

Nyerere alikasirika. Alikasirika kabisa, kila aliyeandika habari za siku ile anasema hivyo. Hawa walikuwa vijana waliosomeshwa kwa pesa za wakulima ambao wengi wao hawajui hata kalamu, na wanakataa kuwarudishia miaka miwili. Kama angekuwa kiongozi wa kawaida, angewafukuza, basi, mambo yaishe. Na kweli aliwafukuza, karibu 400, wakarudishwa makwao; wengi walikubaliwa tena baadaye.

Lakini kabla hajawafukuza alikiri kwamba juu ya mishahara walikuwa wamesema kweli. Mishahara ya wakubwa ilikuwa mikubwa mno kwa nchi maskini kama ile, wa kwake ukiwemo. Papo hapo, mbele ya vijana hao hao, akaukata kwa asilimia 20, kutoka shilingi 5,000 kwa mwezi mpaka 4,000. Hakuunda tume. Mawaziri na maofisa wakubwa nao wakapunguziwa.

Hebu tuwe wakweli, shilingi elfu moja kwa mwezi haijengi nchi. Hata ukikata mshahara wa baraza zima la mawaziri, zahanati utakazojenga ni chache. Kilichonigusa mimi ni mwingine: alipokea ukweli kutoka kwa watu aliokuwa amewakasirikia. Hakusema ati kwa vile hawa ni watovu wa adabu, basi na neno lao ni la uongo. Sisi Wakenya tumeona kitu cha kufanana na hicho. Juni 2024 vijana wetu walipoingia barabarani, kulikuwa na wazee, hata wa makanisa, walioona utovu wa adabu peke yake. Mwezi uliofuata nyongeza ya mishahara ya wakubwa iliyokuwa imeshatangazwa ikasitishwa. Kwa hivyo kelele zile zilikuwa na neno ndani yake.

Miezi michache baada ya siku ile ya majoho, Februari 1967, Azimio la Arusha likatangazwa. Kiongozi wa chama au wa serikali asiwe na hisa katika kampuni, asiwe mkurugenzi wa kampuni ya mtu binafsi, asipokee mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Na wakaandika wazi kwamba kiongozi ni mtu pamoja na mke wake, au mke pamoja na mume wake. Walijua mambo! Anayesoma Matendo sura ya tano anaelewa kwa nini ilibidi. Mama Maria mwenyewe alikuwa na mradi wa kuku, akauachia ushirika. Oktoba mwaka huo Mwalimu akatembea kwa miguu kutoka Butiama mpaka Mwanza, zaidi ya kilomita 200, kuliunga mkono Azimio hilo.

Upande wetu tulichukua njia nyingine. Mwaka wa 1971 Tume ya Ndegwa, iliyokuwa imepewa kazi ya kuangalia mishahara na utumishi wa umma, iliruhusu mtumishi wa serikali awe na biashara yake. Tangu hapo mtu anaweza kukaa upande huu wa meza akitoa kandarasi na upande ule akipokea. Matunda yake tunayajua, sihitaji kuyahesabu.

Sitaki mtoke hapa mkifikiri Nyerere hakuwa na makosa. Kati ya 1973 na 1976 mamilioni ya wakulima walihamishwa vijijini, wengine kwa nguvu, nyumba zao zikachomwa. Watu waliwekwa kizuizini bila kesi. Miaka ya mwisho ya utawala wake sukari na sabuni zilikuwa za kupangiwa foleni. Kutoiba kwake hakukuwashibisha watu, na ni lazima tuseme hivyo. Lakini alipong'atuka 1985 alirudi Butiama kulima, na nyumba kubwa aliyojengewa huko na jeshi alikaa ndani yake muda mfupi mno. Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999 kwa saratani ya damu, akazikwa kijijini kwao.

Sisi watu wa Machakos hatuhitaji kufundishwa kujitolea. Mwaka wa 1938, ng'ombe walipochukuliwa kwa nguvu, maelfu ya Wakamba walienda na Muindi Mbingu hadi Nairobi wakakaa huko kwa wiki, wakimngoja gavana, na yeye akapelekwa kifungoni Lamu kwa ajili hiyo. Hakukuwa na posho ya kikao. Matuta mnayoyaona kwenye milima yetu, mengi yamechimbwa na akina mama wa mwethya, kwa jembe, bila senti. Na hapa kanisani kuna mama, hatanipenda nikimtaja, ambaye kila akivuna huleta gorogoro mbili za ndengu, hata ule mwaka mvua ilipokatika mapema na yeye akavuna kidogo sana.

Ndengu hizo zinaingia kwenye hesabu ya kanisa, na kutoka kwenye hesabu hiyo ndiko mimi ninakolipwa. Kwenye mkutano wa washirika mwisho wa mwezi huu kuna pendekezo la kuongeza posho ya wachungaji na kununua gari la ofisi. Waliolileta wamelileta kwa nia njema, nawashukuru. Nimewaomba wazee mambo mawili: taarifa ya mapato na matumizi isomwe yote kabla ya pendekezo, pamoja na kile ninachopokea sasa, kwa shilingi, na likianza kujadiliwa, mimi niwe nje. Vijana, mje pia. Mkutano ni saa nne asubuhi, na kila mshirika ana kura.