SHEIKH AL-AMIN BIN ALI MAZRUI: KALAMU KABLA YA KITI

Hapa kwetu Kimbo, baada ya tarawehe, vijana hubaki nje ya msikiti wakizungumza. Mwaka huu mazungumzo yalikuwa ni hayo hayo: nani awe mwenyekiti wetu? Nami nilikitaka kiti, sitaficha. Ndipo nikamkumbuka Sheikh Al-Amin, ambaye jina lake tulilisikia madrasa lakini maisha yake hatukuyasoma.

Alizaliwa Mombasa mwaka 1891 katika ukoo wa Mazrui. Hawa ndio waliotawala Mombasa mpaka mwaka 1837, Sayyid Said wa Oman alipowashinda na kuwakamata wakubwa wao. Yaani Sheikh alizaliwa kwenye jina kubwa lisilokuwa tena na ufalme. Babake, Sheikh Ali bin Abdallah, alikuwa mwanachuoni, naye akafariki Al-Amin akiwa bado mdogo. Akalelewa na jamaa yake, Sheikh Suleiman bin Ali.

Je, wewe ungefanya nini? Wengi wetu tungekaa kibarazani tukihesabu utukufu wa mababu. Yeye alitafuta elimu, akavuka mpaka Unguja kusoma kwa Sayyid Ahmad bin Sumait na Sheikh Abdallah Bakathir. Akasoma pia jarida la Al-Manar la Misri, lililowaita Waislamu wajirekebishe.

Mwaka 1930 alianzisha gazeti dogo, Sahifa, na mwaka 1932 Al-Islah. Wakati huo Mwingereza ndiye mtawala. Sheikh aliona hatari ya kumuiga mgeni mavazi na anasa huku tukiiacha elimu yake. Lakini hakumtupia mgeni lawama zote. Aliwaambia Waislamu wenzake makosa yao: uvivu, kugawanyika, israfu za harusi, na kuwanyima watoto wa kike elimu. Manake mtu asiyeitawala nafsi yake, hata akipewa nchi ataiharibu.

Ukadhi ulimjia baadaye: Kadhi wa Mombasa mwaka 1932, kisha Kadhi Mkuu wa Kenya mwaka 1937 hadi alipofariki mwaka 1947. Mshahara ulitoka kwa serikali ya kikoloni, na huo ni mtihani si mdogo. Lakini angalia mpango wake, ndugu yangu: nafsi kwanza, kisha elimu, kisha kalamu, kiti mwisho. Sisi tunaanza na kiti. Wanafunzi wake, Sheikh Muhammad Kasim Mazrui na Sheikh Abdallah Saleh Farsy, nao wakaja kuwa Makadhi Wakuu.

Mimi jina langu nimeliondoa. Si kwamba cheo ni haramu, la. Ni kwamba nilipojiuliza nakitakia nini, jibu halikunifurahisha. Funga inatufundisha kujizuia hata na cha halali, tena pasipo mtu kutuona. Basi kabla Ramadhan haijatuaga, nawe jiulize swali hilo.

Allah amrehemu Sheikh wetu, na atutengeneze nafsi zetu. Amin.